Dume Hana Kalenda

Hotuba kwa wafugaji wadogo wa ng'ombe wa nyama, viwanja vya Ngongo, Lindi, wiki ya Nanenane

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, vijana, na ninyi mliosimama pembeni mkisubiri ngoma ianze, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe. Nimepewa muda mfupi na jua la Ngongo mnalijua, kwa hiyo wenye miavuli wawasitiri wenzao, mimi niingie kwenye mazungumzo.

Nijibuni kwa mikono. Nani kati yenu anakumbuka ndama wake wa kwanza mwaka huu alizaliwa mwezi gani? Naam, mikono mingi. Sasa nani anajua mama wa huyo ndama alipandwa mwezi gani? Naona mikono mitatu, na mmoja ni wa mzee anayejikuna.

Hapo ndipo ninapotaka tukae leo. Ndama tunamwona, tunampa jina, tunamhesabu. Siku aliyotungwa hatuijui, kwa sababu dume anatembea na kundi mwaka mzima na anafanya kazi anapoitwa. Dume hana kalenda. Kalenda ni ya mwenye ng'ombe, na asipokuwa nayo, ndama watamjia Mei, wengine Septemba, wengine Januari, na kila mmoja atakuja na gharama yake.

Nasema na watu wa aina mbili hapa, na sina haja ya kuficha. Kusini kwetu zamani ng'ombe walikuwa wachache. Mbung'o walikuwa wengi, watu walifuga mbuzi na kuku, wakalima mihogo, ufuta na korosho. Mwaka 2006 na 2007 wenzetu wafugaji walipohamishwa kutoka bonde la Usangu na Ihefu, makundi makubwa yakaingia Kilwa, Lindi, Liwale na Nachingwea. Leo kwenye benchi moja ameketi Msukuma aliyezaliwa zizini, na pembeni yake Mmwera wa Ruangwa aliyenunua mitamba minne kwa fedha ya ufuta. Maneno yangu ni kwa mwenye ng'ombe kumi mpaka arobaini. Mwenye mia tatu na asikilize pia, ila ana mambo mengine ambayo leo siyafikii.

Hesabu yenyewe ni hii. Ng'ombe hubeba mimba kwa siku 283 hivi. Zebu wetu, hawa wa asili wenye nundu, huongeza siku chache, wengine hukaribia 290. Mwaka una siku 365. Ukitaka ng'ombe akupe ndama kila mwaka, toa 283 kwenye 365, zinabaki 82. Katika hizo 82, kama siku 40 za mwanzo mji wa mimba unarudi katika hali yake, na hapo hata ukimletea dume bora wa Borani, ile aina kubwa ya ng'ombe wa nyama, huambulii kitu. Zinabaki 42. Joto la ng'ombe, yaani siku anapomtaka dume, hurudi kila baada ya siku 21 hivi. Gawanya mwenyewe: ana nafasi mbili tu. Akizikosa zote mbili, mwaka huo umeshapotea, na hakuna sindano ya kuurudisha.

Nafasi hizo mbili zinaangukia wapi? Zinaangukia mwezi wa pili na wa tatu baada ya kuzaa, wakati maziwa yamepanda juu kabisa na ndama ananyonya mchana kutwa. Mwili wa ng'ombe unapanga matumizi kama nyumba yenye kipato kidogo: kwanza chakula, halafu ada ya mtoto, harusi mwishoni ikiwa kuna kilichobaki. Kwanza anajilisha asife. Pili anatoa maziwa. Kutaka dume kunakuja mwisho. Asiposhiba majani yenye nguvu katika miezi hiyo miwili, hapati joto kabisa, na dume anapita karibu yake asimtazame. Mwenye ng'ombe anasema huyu ni tasa. Siyo tasa, ana njaa.

Kwa hiyo ukitaka kuchagua msimu wa kuzaa, usiishie kumtazama ndama siku anayodondoka. Tazama mama yake atakuwa anakula nini miezi miwili mpaka mitatu baadaye. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Sasa tuitazame mvua yetu. Wenzetu wa Tanga na Kilimanjaro wana vuli na masika, wanaweza kucheza na misimu miwili. Sisi tuna mvua moja. Inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, inakatika kidogo kwenye mwisho wa Januari au Februari, inarudi kwa nguvu Machi, inaisha Aprili au Mei mwanzoni. Baada ya hapo ni kiangazi mpaka Novemba tena. Majani yanakuwa na nguvu kuanzia wiki tatu nne baada ya mvua kushika, mpaka yanapotoa mbegu. Yakishatoa mbegu yanabaki marefu, yanajaza tumbo, mtu wa barabarani anaona malisho tele, lakini protini imekwenda. Ng'ombe anashiba na anakonda hapo hapo.

Mchukue ng'ombe anayezaa Mei. Amenona, ndama anadondoka pakavu, tope hakuna, kupe wamepungua, kila jirani anampongeza mwenye mali. Inafika Julai, majani yamekauka. Inafika Agosti, moto umepita porini. Ndiyo miezi ambayo angepaswa kupandwa, naye hana habari na dume. Anakuja kupata joto mvua ikishakolea, tuseme Februari, anazaa Novemba. Kutoka Mei mwaka huu mpaka Novemba mwaka kesho ni miezi 18. Ndama wawili kwa miaka mitatu, na mwenyewe bado anajisifu kwamba ng'ombe wake huzaa wakati mzuri.

Lakini mtazameni huyo ng'ombe amefanya nini. Amejirekebisha mwenyewe. Kanyimwa Mei, kahamia Novemba. Ndiyo maana hata katika makundi yasiyopangwa ndama wengi huonekana kati ya Oktoba na Januari. Wazee wa Kisukuma wananitikisia kichwa, wanalijua hilo kabla mimi sijavaa buti za kazi. Kazi yetu ni kumaliza kile ambacho ng'ombe ameshakianza.

Kuna kijana kanionyesha kwenye simu mafunzo kutoka Marekani. Yanasema zalisha Machi na Aprili. Kwao ni sawa kabisa, kwa sehemu nyingi za kule theluji inayeyuka na majani yanachipua kipindi hicho, ng'ombe anapandwa wakati malisho ni mazito. Chukua sababu yao, mwezi wao waachie. Machi ya Nachingwea si Machi yao. Na watu wa Nachingwea wanajua vizuri gharama ya mpango unaochorwa mbali: ule mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza ulikuja na matrekta na reli bila kuupima udongo na mvua vya kutosha, na mwaka 1951 ukafutwa.

Basi niseme tarehe, maana mtu akisema "panda wakati mzuri" bila tarehe amekudanganya kwa adabu.

Mwenye chakula alichohifadhi, na mwenye malisho ya bondeni, kando ya mito ya Ruvuma, Lukuledi au Mbwemkuru ambako ubichi unabaki mpaka kiangazi kirefu, aingize dume Februari 5 na kumtoa Aprili 20. Ndama wataanza karibu na Novemba 15 na kumalizikia mwisho wa Januari. Kwa zebu ongeza wiki moja. Hapo ndama wa kwanza wanazaliwa mvua ikiwa mlangoni, na mama anapandwa tena Februari, Machi na Aprili juu ya majani mabichi.

Asiye na akiba ya chakula, na ndugu zangu wote wa juu kwenye uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, nawashauri msogeze mbele. Dume aingie Februari 20, atoke Mei 5. Ndama wataanza mwanzoni mwa Desemba na kuisha katikati ya Februari. Kule juu tatizo si majani peke yake, ni maji. Ng'ombe anayenyonyesha anakunywa mengi kuliko aliye mkavu, na mnajua ninyi wenyewe ndoo ya maji inafikaje nyumbani Novemba. Mwacheni mama azae mvua ikiwa imeanza kujaza mashimo. Mkifanya hivyo mnapoteza kidogo upande wa pili, kwa sababu ng'ombe watakaochelewa watapandwa Aprili na Mei majani yakianza kukomaa. Hiyo ni hasara ninayoikubali. Ng'ombe aliyezaa akiwa mifupa kwenye kiangazi, na mvua ikachelewa mpaka Krismasi, ni hasara kubwa zaidi.

Vipindi vyote viwili vya dume ni siku 75, yaani joto tatu na ziada kidogo. Ng'ombe aliyezaa mwanzoni ana nafasi zaidi ya moja, na dume hachoki.

Najua swali linalokuja, mama mmoja alishaniuliza kabla sijapanda jukwaani: "Baba, Novemba ng'ombe wangu wamekonda, wewe unaniambia wazae Novemba?" Mama yangu, swali lako ndilo zito kuliko yote, tulikalie.

Ni kweli, Oktoba na Novemba ndipo ng'ombe wanapokuwa chini kabisa. Na miezi mitatu ya mwisho ya mimba ndiyo ndama anapokua kwa kasi tumboni, ndiyo anachota uzito wake mwingi. Kwa hiyo njaa ya kiangazi inamkuta mama akiwa na deni mara mbili. Lakini njaa hiyo haianzi Oktoba. Inaanza Juni, pale ambapo ndama mkubwa wa miezi saba bado anamnyonya mama anayekula majani makavu. Ndama aliyezaliwa Desemba umwachishe kunyonya mwishoni mwa Julai. Atakuwa na miezi saba, tumbo lake linajua kula majani. Mama anapata miezi minne ya kupumzika, na hakuna mashudu, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, yanayoweza kushindana na hilo kwa bei. Mtenganishe kwa uzio au kwa kubadilishana mazizi, watapiga kelele siku tatu nne, majirani watakulaumu, halafu watanyamaza.

Baada ya hapo ndipo tunazungumza chakula, na Kusini chakula tunacho ila tunakichoma moto. Mahindi yakivunwa, mabua yakatwe yawekwe kivulini juu ya kichanja, yasiachwe shambani yaliwe na mchwa. Mbaazi ikipurwa, majani na maganda yake ni chakula chenye protini, nayo inavunwa wakati huu huu ambapo pori limekauka. Maganda ya muhogo yaanikwe mpaka yakauke vizuri kabla ya kulisha, yale mabichi ya muhogo mchungu yana sumu. Na mashudu ya ufuta! Lindi tunauza ufuta nchi nzima inatujua, na mashudu wananunua watu wa mbali. Usimpe kila ng'ombe, hutamudu. Wachague waliokonda na mitamba wenye mimba ya kwanza, wape kilo moja kwa siku kwa miezi miwili ya mwisho. Ng'ombe wanne ni kilo 240. Piga hesabu hiyo dhidi ya bei ya ndama mmoja aliyekosekana, uone ipi inauma.

Halafu kuna zawadi ya pori letu ambayo wengi hawaihesabu. Miti ya miombo huchipua majani mapya kabla ya mvua, Septemba na Oktoba, wakati chini hakuna kitu. Mchungaji mwerevu anajua wapi miti inachipua mapema. Wewe unayechoma pori kila Julai ili upate vichipuo, unapata kijani cha wiki chache na unaunguza akiba ya miezi mitatu, tena unagombana na mwenye mikorosho.

Ukitaka kujua kama mama yuko tayari, usiulize macho ya mbali. Mshike. Akikaribia kuzaa, mbavu mbili za mwisho unaweza kuziona, za mbele ziwe zimefunikwa, na kwenye shina la mkia kuwe na nyama kidogo chini ya vidole. Ukihesabu mbavu zote ukiwa umesimama mlangoni, huyo hatapata joto kwa wakati hata mvua ikinyesha vipi.

Sasa dume, na hapa ndipo mipango mingi ya wafugaji wadogo inapokufa. Nimewaambia aingie Februari na atoke. Atoke aende wapi? Mwenye ng'ombe kumi na mbili hana zizi la pili, na hata akimfunga wake, kwenye kisima cha kijiji kuna madume sita ya watu, na mtamba akiwa kwenye joto haulizi dume ni wa nani. Kwa hiyo nawaambia wazi, kwa mfugaji mdogo anayechunga kwenye malisho ya pamoja, msimu wa kuzaa hauwezi kuwa wa mtu mmoja. Ni jambo la kitongoji. Mkae kwenye mkutano wa wafugaji mkubaliane, na kama inawezekana mlipeleke kwenye serikali ya kijiji liingie kwenye sheria ndogo.

Mkubaliane nini? Kwanza, kuhasi. Madume wadogo wote wasiochaguliwa kuwa mbegu wahasiwe kabla ya mwaka mmoja, kwa koleo la kuhasi, bila kumwaga damu, na afisa mifugo wa kata akiwepo. Maksai ananenepa kwa utulivu, hapigani, na mchinjaji anampenda. Najua kuna wazee hapa wanaona kuhasi ni kumvunjia ng'ombe heshima. Mzee wangu, dume wa miaka mitatu mwenye kilo mia mbili na themanini anayezunguka kijiji kizima akipanda dada zake, heshima yake iko wapi?

Pili, idadi. Dume mmoja mzima, aliyekomaa, anatosha ng'ombe 20 mpaka 25 kwa msimu mmoja. Dume kijana mpe kumi na tano. Kwa hiyo wafugaji watatu wenye ng'ombe wanane wanane hawahitaji madume matatu, wanahitaji mmoja mzuri, wachangie. Lakini dume wa kushirikiana apimwe kwanza ugonjwa wa kutupa mimba, maana akiwa nao atazunguka nao kila zizi, na ugonjwa huo unaingia hata kwa binadamu kupitia maziwa mabichi na kondo la nyuma. Mtazameni pia miguu, korodani, na hamu ya kazi. Dume mrembo anayechechemea hana faida. Na akishatumika miaka miwili au mitatu mumbadilishe, mumpeleke kitongoji kingine, kabla binti zake hawajafika umri wa kupandwa.

Tatu, mahali pa kumweka. Nje ya msimu madume yakae pamoja na maksai, yachungwe upande mwingine wa kijiji na mchungaji wao, na kila mwenye dume alipie. Wamaasai wana ujuzi wa kumfunga kondoo dume ngozi tumboni asipande wakati usiotakiwa. Kwa ng'ombe mimi siwashauri, dume wa kilo mia tatu ataivua asubuhi hiyo hiyo. Mchungaji ni rahisi zaidi.

Uhimilishaji, yaani kupandikiza mbegu bila dume, upo, ni mzuri, na anayeweza kuupata autumie kwa mitamba wake wachache bora. Kwa wengi wetu huku umbali wa mtaalamu na wa naitrojeni ya kuhifadhia mbegu unaufanya uwe jambo la baadaye.

Mitamba niwataje peke yao. Mtamba anayezaa mara ya kwanza anakua, ananyonyesha, na anatakiwa apate mimba tena, vyote kwa pamoja. Mpeni muda. Mitamba waingie kwa dume wiki tatu kabla ya wakubwa, ili wazae mapema na wapate siku za ziada za kupona. Wasipandwe kabla hawajafika karibu theluthi mbili ya uzito wa mama zao. Na dume wao awe wa umbo dogo. Borani mkubwa juu ya mtamba wa zebu ni usiku wa kuvuta ndama kwa kamba.

Kupe. Ndama wanaozaliwa na mvua wanakutana na kupe wa mvua, sitaficha, na hiyo ndiyo bei ya msimu huu. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, ndiyo itakayokutoa machozi. Kuogesha kila wiki mvua inaponyesha, ndama wasiachwe nyuma. Saa sita za kwanza baada ya kuzaliwa ndama awe ameshanyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, kitovu kipakwe ayodini. Dawa za kuogeshea, chanjo ya chambavu, dawa za minyoo, nunueni kabla ya mvua kukolea. Mnakumbuka Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja, barabara ya Somanga ilikatika na magari yakapanga foleni. Aliyekuwa anasubiri dawa kutoka Dar es Salaam alisubiri sana.

Lakini kuna faida moja ya kuzalisha kwa pamoja ambayo mtaalamu wa chanjo ataielewa haraka kuliko mfugaji. Chupa ya chanjo ina dozi nyingi. Ikishafunguliwa inatumika siku ile ile, hailali. Chanjo ya ndigana kali ndiyo zaidi: inahifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, mrija mmoja una dozi nyingi, ikiyeyushwa haisubiri. Ukiwa na ndama wawili Mei, mmoja Agosti, watatu Januari, nani atakuja kukufungulia mrija? Ukiwa na ndama kumi wa rika moja, na jirani zako wana kumi kumi, mtaalamu anapanda pikipiki na gharama inagawanyika. Kwenye hili peke yake wengi mngerudisha faida ya kupanga msimu.

Na soko ni hivyo hivyo. Mnunuzi wa lori kutoka Mtwara mjini hasimami kwa dume mmoja aliyenona na wawili waliokonda. Anasimama kwa kundi la rika moja na uzito unaokaribiana. Fedha ya korosho inapoanza kutoka kwenye minada, Oktoba na kuendelea, nyama inaliwa Kusini kuliko wakati wowote, harusi na sherehe za unyago zinafuatana. Maksai wako wa miaka mitatu waliozaliwa mwezi mmoja wakilishwa mashudu kwa siku 90 kuanzia Julai, wanaingia sokoni wakati mifuko imejaa. Sikukuu ya Idi msiitegemee kwenye kalenda hii, inarudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka, itawapita.

Maziwa. Wakizaa wote kati ya Novemba na Februari, Septemba nyumba itakosa maziwa, na mama mwenye watoto hatanielewa, na ana haki. Ninachowaambia ni hiki: waacheni ng'ombe wawili nje ya mpango, wa maziwa ya nyumbani, wazae Juni au Julai, na hao ndio wapewe mashudu kwanza. Kundi la nyama liendelee na msimu wake. Mtu atasema nimevunja kanuni yangu mwenyewe. Kanuni ni ya kuwalisha watoto, ng'ombe wamekuja baadaye.

Mtabadilije kundi ambalo leo linazaa kila mwezi? Taratibu. Msiwanyime dume ng'ombe wote kwa mwaka mzima mkisubiri Februari, mtafilisika. Anzeni na mitamba, hao hawana deni la nyuma, waingie kwenye msimu moja kwa moja. Mwaka wa kwanza mwacheni dume miezi minne, Februari mpaka Mei. Mwaka wa pili mitatu. Mwaka wa tatu mkafike siku 75. Atakayezaa Aprili atakaa bila mimba mpaka Februari, atapoteza miezi, hiyo ni mara moja na imekwisha. Na kila mwaka mwezi wa Julai mwiteni afisa mifugo apime mimba kwa mkono. Dume ametoka Aprili au Mei, Julai mimba inashikika. Ambaye hana kitu muuzeni wakati huo huo akiwa bado na nyama. Mkimbakiza mpaka Novemba mtamlisha mashudu miezi minne halafu mumuuze mifupa.

Na andikeni. Daftari la shule la kawaida: jina la ng'ombe au namba ya hereni, siku dume alipoingia, siku alipotoka, siku ya kuzaa, jinsia ya ndama, siku ya kuachisha. Vijana mnaojua kuandika kwenye simu, andikeni kwenye simu, lakini baba naye aweze kusoma.

Leo ni Agosti. Mwenye ndama wa Desemba ambaye bado ananyonya, akirudi nyumbani amtenganishe wiki hii. Mwenye ng'ombe asiyejua kama ana mimba, ampime wiki hii. Mwenye mbaazi iliyopurwa na majani yako uwanjani, ayafunike kabla upepo haujayachukua. Dume ana miezi sita mpaka Februari, muda wa kumtafuta, kumpima na kukubaliana na majirani upo.

Maswali mengine nitayajibu huko nyuma ya banda la mifugo, ambako kuna majike wanne, mmoja amenona kupita kiasi na mmoja mbavu zote ziko nje. Twendeni tukawashike, kila mtu kwa mkono wake, tuone mmewapa daraja gani kabla mimi sijasema langu. Akina mama watangulie, wao hawaogopi pembe.